Yule wa Pembeni ya Picha

Siku ile ya stesheni naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, Skola mwanangu, na wewe umenirudisha pale jana bila kujua, na hiyo kompyuta yako.

Ilikuwa miaka ya tisini, tumeshahamia hapa Shanwe, mjini Mpanda, kutoka kijijini Mamba. Kaka yangu Deusi, ambaye ni baba yako mkubwa, alikuwa amelima tumbaku Inyonga mpaka akaichoka, akasema anakwenda machimboni kutafuta dhahabu. Mama hakutaka. Baba alinyamaza, na kwa baba kunyamaza ndiyo ilikuwa ruhusa. Kabla ya kuondoka Deusi akaninunulia viatu vyekundu vya kisigino, vya kwanza maishani mwangu ambavyo havikuvaliwa na mwingine kabla yangu. Nikavivaa siku hiyo hiyo ya kumsindikiza. Vilinibana kweli kweli, lakini nani angethubutu kunivua?

Pale stesheni alikuwepo mpiga picha aliyezoea kuwazungukia wasafiri. Baba akamwita tupige ya pamoja. Yule bwana akatuambia kabisa kwamba filamu imebaki picha moja. Nyie wa siku hizi mnapiga hata ugali kabla hamjaugusa, kwa hiyo hamwezi kuelewa. Moja ilikuwa moja, ikiharibika mnarudi nyumbani mikono mitupu.

Akatupanga. Mama na baba katikati, mimi mbele yao, baba yako, ambaye alikuwa bado anavuta kamasi, mwisho wa kushoto, na Deusi mwisho wa kulia na begi lake. Sasa kwetu wakati ule picha isiyoonyesha miguu ilikuwa pungufu. Mtu alitaka aonekane mzima, nywele hadi viatu, la sivyo wageni wakiitazama wanauliza umekatwa na nini. Nami nilikuwa na viatu. Nikamwambia mpiga picha aisimamishe kamera.

Akasema, "Dada, nikiisimamisha napata viatu, lakini hawa wa pembeni wanatoka. Nikiilaza wanaingia wote, miguu inabaki nje."

"Basi wasogee."

"Nimeshawasogeza. Hawa watu, siyo kuni."

Treni ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza. Nikasema, na hili nililisema nikicheka, kwamba Deusi atapiga nyingine akirudi. Hapo baba akanigeukia. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kelele.

"Anayepanda treni leo ni Deusi au ni viatu?"

Kamera ikalazwa, tukapigwa, Deusi akapanda behewa akatupungia mkono mpaka kwenye kona.

Hakurudi. Salamu zake zilikuja mara moja kwa dereva wa lori, halafu kimya. Mama alikuwa akisikia honi ya treni anaacha kutwanga, anasimama na mchi mkononi, anasubiri mpaka abiria wote wapite barabarani na mabegi yao, ndipo anaendelea. Alifanya hivyo mpaka alipozikwa. Mimi nimezeeka, magoti yanalia, na Deusi bado ni kijana yule yule wa pembeni ya picha. Namkumbuka sana, mwanangu, sitakuficha. Nikipika mchele mpya wa Mamba namtengea ukoko moyoni, maana alikuwa anaugombania na mimi.

Picha yenyewe ya karatasi mchwa waliila, unajua. Imebaki ile uliyoipiga kwa simu yako kabla mchwa hawajaifikia. Ndiyo sababu jana uliponiita, "Shangazi, njoo uone programu yangu inavyotambua sura za ukoo," nilikuja mbio na miwani nimeiweka kichwa chini miguu juu.

Ukanieleza. Ulipoipiga picha ilikuwa imelala ubavu, na kompyuta haijui uso uliolala, kwa hiyo umeiandikia amri ya kugeuza nyuzi tisini, robo ya mzunguko, watu wasimame wima. Sawa. Nikatazama. Mama, baba, mimi. Basi.

"Deusi yuko wapi?" nikauliza.

"Deusi yupi, Shangazi?"

Si kosa lako, hukumwona hata siku moja. Ila nilikaa kwenye kigoda nikavua miwani, mpaka wewe mwenyewe ukaogopa ukaanza kusoma tena ulichoandika. Kumbe picha umeigeuza, fremu umeiacha vile vile, nyembamba na ndefu, kana kwamba watu bado wamelala. Wa kushoto na wa kulia wakamwagika nje. Hata baba yako mzazi ulikuwa umemtupa. Na ulisema ulikuwa mbioni kufuta picha zile za mwanzo, ambazo hazijageuzwa, ili upate nafasi kwenye kompyuta.

Ukabadilisha, upana ukawa urefu na urefu ukawa upana, ukageuza upya. Akatokea, na begi lake, anacheka nusu nusu. Ukasema, "Anafanana na baba." Nikaenda jikoni kuangalia maharage ambayo hata hayakuwa motoni.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Utageuza mambo mengi duniani, utahama, utaolewa, utaondoka hapa Mpanda. Ukigeuza kitu, geuza na nafasi ya kukiweka. Na kabla hujasema kazi imekwisha, acha kutazama katikati, wa katikati hawapotei. Tazama pembeni, uliza nani alikuwepo hapa na sasa hayupo. Ya mwanzo usiifute mpaka umempata.

Mungu akubariki kichwa hicho na mikono hiyo. Akupe picha pana, watu wako waingie wote. Na kama kaka yangu bado yuko hai mahali fulani, Mungu amjalie mtu wa kumwuliza jina lake.