Begi Lisilo na Mgongo

Nimewachoka. Kila nikiandika habari za kutembea milimani, mnanijazia simu kwa swali lile lile: "Begi gani jepesi ni zuri?" Kama vile begi ndilo litakalopanda mlima na wewe ubaki nyumbani unakunywa chai. Halafu mnataka orodha ya mabegi kumi, na nyota, na alama. Sina orodha. Nina shangazi.

Shangazi yangu ana miaka hamsini na tatu na ni fundi wa makochi. Mpelekee kochi lililobonyea: atalipindua miguu juu, alichane tumbo kwa mkasi, na kabla hujamaliza kueleza tatizo ameshakuambia nani kwenu anakaa upande gani na ni mnene kiasi gani. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango mpana. Sponji zimesimama ukutani kwa unene wake, na sindano zilizopinda zimechomekwa kwenye mkono wa kiti ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua.

Mwaka jana alijiunga na kikundi cha kutembea. Safari ya kwanza, ya siku nne, alibeba begi kubwa lenye fremu ya chuma na mzigo wa kilo kumi na saba, pamoja na taulo la kuogea, chupa ya chai na viatu vya akiba. Siku ya kwanza, saa sita mchana, goti likagoma. Wenzake wakagawana vitu vyake wakamteremsha. Hakulia. Ila mpaka leo hajamsahau kijana mmoja aliyejitupia lile taulo shingoni na kushuka nalo akipiga mluzi.

Mwaka huu akaomba tena, nami nikamsindikiza. Kiongozi wa kikundi ni mwanamke mkavu wa maneno tunayemwita Dira, kwa sababu hajawahi kupotea, wala kukubali kwamba amepotea. Hakumzungusha.

"Dada, nakupenda, lakini sikubebei tena."

"Nani kakuomba unibebee?"

"Mwaka jana pia hukuomba. Tulibeba tu."

"Si wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi?"

"Wanaosema hivyo hawakubeba chupa yako ya chai. Sikiliza. Jumamosi ya wiki ijayo tunapanda kile kilima cha minara ya simu. Njoo na mzigo wako wote wa siku nne. Ukifika juu bila kumgawia mtu hata soksi, una nafasi. Usipofika, mwakani."

"Mwakani nitakuwa na goti la mwakani," shangazi akaniambia tukiwa njiani kurudi.

Tukaanza na mizani ya jikoni. Kila kitu kilipita juu yake, hadi kipande cha sabuni. Mume wake, fundi saa, alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Mke wangu, unanihama kwa gramu?"

"Nahama kidogo kidogo, usije ukagundua."

Vitu, chakula na maji vikafika kilo saba na nusu. Kisha akapima lile begi la zamani likiwa tupu: kilo mbili na robo. Akaitazama mizani kama imemtukana. "Yaani robo ya mzigo ni kitu cha kubebea mzigo?"

Basi tukaenda dukani, vitu vyake vyote vimefungwa kwenye pazia kuukuu. Muuzaji akatoa begi, akalining'iniza kwa kidole kimoja.

"Hili gramu mia tano tu, mama. Lita arobaini."

Shangazi akalipapasa nyuma. "Mgongo wake uko wapi?"

"Halina mgongo."

"Kwetu kiti kisicho na mgongo ni stuli."

"Mgongo wake ni wewe mwenyewe, mama, na jinsi utakavyolipanga."

"Kwa hiyo unaniuzia mgongo wangu?"

Muuzaji alicheka, akanyamaza alipoona begi limeshageuzwa ndani nje. Shangazi alikuwa anatafuta pale mkanda wa bega unapoungana na kitambaa. "Hapa wamepitisha mshono mara moja. Hili litaachia siku ya pili." La pili mishono ilikuwa sawa lakini mikanda myembamba kama ya begi la shule. La tatu akalipekua muda mrefu, akahesabu mishono kwa ukucha, akaanza kutabasamu mwenyewe.

"Mimi kochi nalipa mifupa kwanza, ndiyo naweka nyama," aliniambia. "Hawa wanataka nyama isimame peke yake. Inawezekanaje?"

Akalipanga pale pale sakafuni. Mfuko wa kulalia na sweta vikakaa upande wa mgongo wake. Sufuria, chakula na maji vikaenda upande wa nje. Akazunguka dukani dakika tano. "Laini kama kiti cha meneja," akasema, tukalinunua.

Kesho yake tukapanda barabara ya tangi la maji. Nusu saa haikuisha, mabega yanawaka. "Linanivuta nyuma kama mtoto asiyetaka shule." Nikamwambia tulirudishe, tuchukue dogo lenye fremu. Tulipofika nyumbani akalivika begi kwenye kiti cha jikoni. Kiti kikaanguka chali.

Mtu mwingine angelilaumu begi. Yeye akakiinua kiti, akakisimamisha tena, akaanza kuhamisha vitu kimoja kimoja. Sufuria huku. Maji kule. Kiti kikaanguka. Chakula kikasogea ndani. Kiti kikayumba. Mume wake akauliza kiti kimekosa nini. Mara ya sita, maji na chakula vikiwa katikati, vimeugusa kabisa mgongo wa kiti, na nguo ziko upande wa nje, kiti kikasimama kimya.

Shangazi akakaa chini akacheka mpaka akashika tumbo. "Miaka thelathini naweka laini kwa mtu na gumu kwenye mbao. Kumbe begi halikaliwi, linabebwa!"

Lakini sasa ukingo wa sufuria ungemchoma uti wa mgongo. Akashuka karakana, akakata sponji nyembamba ngumu, ile isiyonywa maji, akaikunja mara tatu ikatosha upana wa begi, akaisimamisha ndani kabisa upande wa mgongo. Usiku ataikunjua ailalie. Mfuko wa kulalia ukashuka chini, vizito vikakaa katikati, nguo zikajaza nafasi hadi hakuna kinachocheza. Begi likasimama lenyewe sakafuni. Kilo nane na ushei, na mifupa yake ni godoro.

Jumamosi ikafika. Nusu ya kilima yule kijana wa mluzi akajisogeza. "Shangazi, lete basi hata maji nikusaidie."

"Beba ya kwako, mwanangu."

Penye mwinuko mkali shangazi akakaa juu ya jiwe, akaanza kusugua goti. Dira akatazama saa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya pole. Shangazi akaufungua mkanda wa kiunoni, uliokuwa umepanda hadi mbavuni, akakaza wa mabegani, akasimama. Hakukaa tena mpaka kwenye minara.

Juu, Dira akalinyanyua lile begi kwa mkono mmoja, akalirudisha chini polepole.

"Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa hatukusubiri."

"Nitakuwa nimeshakusubiri wewe."

Sasa kuna kitu hakimpi raha. Ule mkanda wa kiunoni. Begi lenye fremu, mkanda unapeleka uzito kwenye nyonga. Lisilo na fremu, unapeleka nini, na wapi? Muuzaji anasema asiukate. Dira anasema kata, unapunguza gramu. Shangazi ameuweka mkasi juu ya begi na kila akipita anautazama. Mimi sijui, na sitajifanya najua. Kama umewahi kutembea siku nne na begi la namna hii, lenye mkanda au lisilo nao, niandikie kabla ya Jumatano mchana: ulibeba kilo ngapi, na mabega yako yaliamkaje siku ya tatu?