Kinyozi Kipara na neno "watashirikishwa"

Asubuhi hii Kipara anawasha mashine ya kunyolea, anaizima, anaiwasha tena. Bado haijagusa kichwa cha mtu. Mteja aliye kitini, fundi wa pikipiki aliyekuja kuchonga ndevu tu, anamtazama kupitia kioo.

"Kaka, kama leo una mambo yako, niachie hata sikio moja."

Waliokaa kwenye benchi wanacheka. Kipara anatabasamu kwa adabu, kisha anajifanya kutafuta brashi.

Ana umri wa miaka ishirini na sita. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kinyozi mwenyewe hana hata unywele mmoja kichwani. Chumba chake kina viti viwili, ndoo ya maji na harufu ya spiriti. Humo ndimo anamopata riziki yake, ya mama yake na ya wadogo zake wawili.

Chama kimoja kilipotangaza kwamba kinaandika ilani ya vijana, vijana wa mtaa huu walimchagua awe mwakilishi wao. Hawakutafuta mbali. Maoni yote yalikuwa yakitolewa hapo hapo kitini, vichwa vikiwa vimeinamishwa.

"Mtu akishakuachia wembe shingoni, hakufichi neno," anasema.

Waliomba mengi, lakini moja lilipita yote: wakati wa kugawa vibanda vya soko jipya, vijana wawemo kwenye kamati, tena wapige kura kama wazee. Waandishi wa rasimu wakaliweka hivi: "Vijana watashirikishwa katika maamuzi." Likasomwa kikaoni. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kipara hakuwa nalo. Alipiga hata makofi.

Aliporudi akawasomea wenzake, fundi huyu huyu wa pikipiki ndiye aliyemkatiza. Kushirikishwa, alisema, ndiko walikofanyiwa miaka yote: wanaitwa, wanakalishwa nyuma, wanapewa soda, kisha wanaelezwa yaliyokwisha kuamuliwa. Wao walitaka kushiriki.

Tangu siku hiyo Kipara hapiti njia kwa amani. Akitoka kununua chakula, anaulizwa, "Umekula, au umelishwa?" Akichelewa kufungua, wanataka kujua kama alilala au alilazwa.

Utani huo angeuvumilia. Kinachomnyima usingizi ni minong'ono kwamba wakubwa wamemtia kitu mfukoni. Wateja wengine wamekwisha kuhamia kwa kinyozi wa barabara ya pili.

Mama yake ana hofu kuliko yeye. Alimshauri aseme anaumwa, atumwe mwingine. "Baba, siasa haina udugu," alimwambia. "Wao watapatana kesho, wewe utabaki umenuniwa na pande zote."

Hakumsikiliza. Alikwenda kwa katibu wa kamati ya ilani, akaeleza kosa lake. Katibu hakumfukuza, ila alimkumbusha kwamba mwakilishi ndiye aliyeikubali rasimu mbele ya watu, na mtu mmoja hawezi kutengua peke yake alichokikubali kikaoni. Njia iliyobaki ni vijana wenyewe kufika kwenye kikao cha mwisho ukumbini Jumamosi, kabla rasimu haijapelekwa kuchapishwa, na kunyoosha mikono. Wakiwa wachache, neno litabaki lilivyo.

Tatizo ni kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kazi. Mafundi wana vyombo vya watu, wauzaji wana wateja, na kinyozi naye hana siku nzuri kuliko hiyo. Kila aliyeulizwa amejibu "tuko pamoja", na Kipara anajua wepesi wa maneno hayo.

Ndevu zimekwisha kuchongwa. Kipara anampangusa fundi shingo, halafu anamuuliza taratibu kama atakuja. Fundi anajikuna kidevu. Ana pikipiki mbili alizoahidi kuzimaliza siku hiyo.

"Nitajitahidi."

"Usijitahidi, kaka. Njoo."

Fundi analipa, anaondoka. Kipara anakung'uta kitambaa mlangoni, akimfuata kwa macho mpaka anapokata kona.

Hata hivyo mpango wake hajaubadili. Jumamosi hatafungua. Atasimama mlangoni pake tangu asubuhi, na watakaokuja ataondoka nao kwa miguu hadi ukumbini.

"Nikifika peke yangu, wataandika kwamba tulishirikishwa," anasema. "Na itakuwa kweli."