Jiwe Lililolala

Juzi fundi alikuwa akigonga sakafu ya jirani yangu hapa Mpanda, ko, ko, ko, aikwaruze ili saruji mpya ishike. Niliacha kufua nikabaki nimeduwaa, povu mikononi. Mlio ule ulinirudisha miaka ya tisini, kwenye shule ya mama.

Shule yenyewe ilikuwa ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumehama na mifugo kutoka Usukumani, na shule ya serikali ilikuwa ng'ambo ya mto wenye viboko. Basi mama, aliyemaliza darasa la saba na hakutuacha tusahau, alitufundisha mwenyewe, mimi na mdogo wangu Masanja. Baba aliiona shule hiyo mchezo. Tena shangazi alikuwa amejifungua, anatafuta mtu wa kumlelea mtoto, na jicho lake lilikuwa kwangu.

Siku moja mama akatangaza ziara ya masomo. Karibu na Usevya wazee walikuwa wamejenga boma la mfano wa kale, wanafunzi waone wahenga walivyoishi. Baba akacheka.

"Haya, Kabula. Niletee kitu kimoja nisichokijua. Ukikosa, Jumatatu unaenda kwa shangazi yako."

Tulitembea tangu alfajiri. Kufika, nikakodoa macho huku na huku kama mwizi. Na mnajua tulichoonyeshwa? Nyumba yetu! Paa la nyasi, vibuyu, kinu, kigoda, kitanda cha ngozi. Mwongozaji, bwana mpole mwenye miwani, akaelekeza fimbo kwenye jiwe la kusagia.

"Watu wa kale walisagia mtama hapa."

"Mayu alisaga jana," Masanja akasema, akimwonyesha mama kwa kidole.

Wanafunzi wa shule nyingine walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama akainamisha kichwa. Niliona aibu, na hasira pia: njia yote ile kuja kutazama jiko letu! Nilishamwona shangazi akinifunga mtoto mgongoni.

Mwongozaji akapiga magoti atuonyeshe. Akasukuma jiwe dogo juu ya lile kubwa, likateleza tu, punje zikatoka nzima kama zilivyoingia. Mama akashindwa kuvumilia.

"Samahani, mwalimu. Jiwe hili limelala. Huwa mnalinoa lini?"

"Jiwe nalo linanolewa?"

Mama aliokota jiwe gumu la ukubwa wa ngumi, akaanza kuugonga uso wa lile kubwa, ko, ko, ko, kidogo kidogo, mpaka ukakwaruza kiganja. Akapuliza vumbi, akalifuta, akasaga. Unga ukashuka, na harufu yake tamu ikawasogeza hata waliokuwa wakicheka.

"Kweli mgeni njoo, mwenyeji apone," mwongozaji akasema, akamwomba arudie polepole.

Mlio ule nilikuwa nimeusikia tangu kuzaliwa. Sikuwahi kuuliza ni wa nini.

Jioni baba akaketi mbele ya ugali wake. "Enhe, umeniletea nini?"

"Baba, jiwe la kusagia linanolewa na nini?"

Akatafuna, akafikiri. "Jiwe halinolewi, we mtoto."

Nikamweleza. Akamtazama mama, kisha akalitazama jiwe, hatua tatu kutoka kwenye sahani yake.

"Hilo sikulijua," akasema. "Shangazi yako atafute mtu mwingine."

Usiku huo nililala nikijiona mshindi. Nilikuja kuelewa nikiwa mke wa mtu, na jiko langu mwenyewe, kwamba baba alikuwa akiusikia mlio ule miaka yote huku akingoja chakula. Ilibidi twende mpaka Usevya ili kazi ya mama iitwe elimu. Nami niliyejisifu kwa jibu lile sijawahi kunoa jiwe hata siku moja.

Nikafuta povu, nikampigia mama simu.

"Mayu, lile jiwe bado unalo?"

"Ninalo, ila limelala. Siku hizi nani anasaga?"

"Nakuja Jumamosi, unifundishe kulinoa."

Nikamsikia anacheka.

"Njoo," akasema. "Na usichelewe darasani."