Siku Shemeji Yangu Alipoitika Jina la Lucky Dupree

Askari mzungu alisukuma mlango akauliza, "Lucky Dupree ni nani hapa?"

Shemeji yangu akanyoosha mkono. "Mimi, bwana."

Hakuwa Lucky Dupree. Lucky Dupree mwenyewe saa hiyo alikuwa New York, anakula maisha.



Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Naitwa Cleophus Battle. Shule niliishia darasa la nne, nikaenda kufunga tumbaku kwenye mashamba ya watu. Ila nyimbo zilikuwa zinanijia tu zenyewe, hata nikiwa na fungu begani.

Mwaka 1955 wimbo wangu mmoja ukafika kwa Bwana Loomis, mzungu mwenye kampuni ya santuri kule New York. Akawapa vijana wake, kundi linaitwa Halcyons, mwimbaji wao mkuu ndiye huyo Lucky.

Wimbo ukawaka. Kila redio ni huo huo.

Kwenye santuri waliandika majina mawili ya watunzi. La kwanza jina la Loomis, mtu asiyejua hata kupiga mluzi. La pili langu. Ndivyo walivyofanya wakubwa siku zile, na wewe ulitakiwa ushukuru.

Sasa kila ukumbi wa Kusini mwa Marekani ukawa unawataka Halcyons, na Halcyons ni kundi moja. Loomis akafanya kama walivyofanya wenzake wengi: akatengeneza Halcyons wengine. Watu wa Kusini walizijua sauti, sura hawakuzijua.

Meneja wa hao bandia akanifanya mimi.

Nikamchukua mke wangu Earlene, mdogo wake Thurman mwenye sauti ya Lucky mtupu, na vijana wawili wa kwaya ya kanisani kwetu.

Kazi ya kwanza ilikuwa majina. Ukiitwa Lucky, itika. Unakula, itika. Umelala, itika. Thurman nilikuwa namwita Lucky hata akiwa chooni, na anaitika.

Earlene hakupenda.

"Cleo, unamfundisha mdogo wangu kulisahau jina la baba yake."

"Ni kazi tu, mama."

"Kazi ya nani? Mbona huyo mzungu wako haji kuitwa Lucky yeye?"

Thurman akacheka. "Dada, acha nile ujana. Jana wasichana wawili wamelia waliponiona."

"Wamelia kwa hiyo suruali uliyovaa."

Ndivyo tulivyokuwa. Tunacheka.

Jumamosi moja ya Julai, mchana, tulikuwa tunapiga kwenye ghala la tumbaku, mji mdogo wa North Carolina. Katikati ya ukumbi kamba, wazungu huku, watu wetu weusi kule. Kipande cha kwanza cha onyesho kilikwenda safi. Tukaingia chumba cha mizani huko nyuma, tunakula samaki wa kukaanga na mkate, jasho linatiririka.

Ndipo mlango ukasukumwa.

Yule askari aliingia na wanaume wawili. Mmoja ana bunduki ya kuwindia. Askari alikuwa mnene na mpole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi.

"Lucky," alisema. "Ulipita hapa mwaka jana, kabla hujajulikana. Miss Nadine unamkumbuka?"

Thurman bado anatabasamu, kama nilivyomfundisha. "Mashabiki ni wengi, bwana."

Mwenye bunduki akasema, "Anacheka, Dell. Muone anacheka."

"Nadine ni mtoto wa dada yangu," askari akasema. "Ulimdanganya utakuja kumchukua. Hebu twende nje tuongee."

Mtu mweusi wa Kusini hahitaji kuelezwa maana ya kuitwa nje.

Nikasimama. "Bwana, huyu si Lucky. Sisi ni bandia. Tumetumwa na kampuni."

"Ghafla hakuna hata mmoja ambaye ni Lucky," askari akasema.

"Mimi ni Thurman Pettaway, bwana," shemeji akasema. Tabasamu limekwisha, sauti imekuwa ya mtoto.

"Sasa hivi tu ulikuwa Lucky."

Wakamshika kwapa. Thurman akaniangalia mimi. Macho yale ninayo mpaka leo.

Earlene ndiye aliyesimama mlangoni. "Mlete binti mwenyewe amtazame, bwana. Mkimuua asiyehusika, anayehusika atakuwa anawacheka redioni."

Askari akamwashiria mmoja wa wenzake atoke.

Binti alikuwa garini, nje. Wakamwingiza. Mdogo, macho yamevimba. Akamtazama Thurman muda mrefu.

"Siye, mjomba."

"Tazama vizuri."

"Lucky ni mrefu. Ana kovu kidevuni. Huyu simjui."

Tulidhani yameisha. Lakini mkubwa akiaibika lazima atafute wa kuilipia aibu hiyo. Askari akasema, "Kwa hiyo mnawaibia watu wa mji wangu. Nendeni mkawaambie. Aende huyu mama mwenye mdomo."

"Bwana, meneja ni mimi. Niende mimi."

Bunduki ikanigusa kifuani.

Earlene akanyoosha gauni lake. "Kaa na Thurman," akaniambia.

Akapanda jukwaani peke yake. Nikamsikia: "Jamani, sisi si Halcyons. Tunaomba mtusamehe."

Halafu chupa.

Zilitoka pande zote mbili za kamba. Siku ile kamba haikutenganisha mtu. Moja ikampata nyuma ya sikio.

Hospitali ya kwanza tuliambiwa mlangoni kwamba watu wetu wanatibiwa mji wa mbele. Nikaendesha. Nyuma, Thurman amempakata dada yake, anamwita. Earlene, Earlene. Haitiki.

Mji wa mbele hatukuufikia naye.

Baada ya mazishi nikaenda New York, nikamwambia Loomis kila kitu. Akavua kofia. "Pole sana, Cleo."

Nikamuuliza kitu kimoja: ule mji alitupeleka kwa nini, wakati kumbi zilizotuomba zilikuwa tele?

Alikaa. Akapangusa miwani.

"Yule askari alinipigia simu," akasema. "Nisipomletea Lucky, kundi langu lolote halitaimba tena jimbo lile. Lucky ndiye kampuni yangu, Cleo. Ningefanyaje?"

"Ukampa Thurman."

"Nilimpa Lucky. Si umesema mwenyewe aliitika?"

Hakuna aliyemkamata Loomis. Alizeeka vizuri, akafa kitandani kwake, magazeti yakamwita baba wa muziki.

Ndugu yangu unayesoma, bosi akikupa jina la mtu uvae, kwanza muulize huyo mtu anatafutwa na nani. Na ukiona hajibu, vua, mshike mkeo mkono, mrudi nyumbani kufunga tumbaku.