Fungu la Filamu za Anga

Mimi ni mtu mzima. Nina mke, mtoto na kazi ya ukarani bandarini Mtwara, lakini nikiona picha ya chombo kinachopaa kwenda kwenye nyota nasahau nilikotumwa. Siku ile nilikuwa nimetumwa nyanya.

Karibu na soko kulikuwa na muuza filamu aliyekuwa anafunga biashara ya CD. Siku hizi watu wanaingiziwa filamu kwenye simu, nani tena anunue CD? Basi alizimwaga zote juu ya turubai akazipanga mafungu kama dagaa. Kulikuwa na fungu la mapenzi, fungu la ngumi, na fungu la anga, ambalo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilimwomba nyongeza, akaniwekea mbili juu. Nyanya sikununua.

Kila CD ilikuwa imeshindiliwa filamu kumi, wakati mwingine kumi na mbili, zote zimetafsiriwa na jamaa mmoja anayezungumza juu ya sauti za waigizaji. Rubani akihutubia dakika nzima, jamaa anasema, "Anasema twendeni." Na aliyezichoma hakuwa na huruma. CD ikijaa, filamu inakatwa hapohapo, hata kama chombo kinawaka moto, na kipande kilichobaki kinaanzia kwenye CD nyingine. Ukitaka mwisho, nunua fungu zima.

Mke wangu alikuwa ameshapiga marufuku CD mpya tangu zamani, kwa kuwa kabati lilikuwa limekataa kufungwa. Lakini mimi si wa kushindwa na kabati. Stoo tulikuwa na kiroba cha CD mbovu, zilizokwaruzika, ambazo tulikuwa tunamwekea mama yake. Yeye analima mpunga bondeni upande wa Kilambo, na ukitundika CD kwenye kamba zinamulika juani na ndege wanaogopa. Nikazivua zangu makaratasi, nikazichanganya na zile mbovu. Kila Jumapili mke wangu akienda kwenye kikundi chao cha akina mama, nilikuwa nachomoa moja. Nilijiona mjanja sana.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na filamu ya yule bibi. Familia inahamia nyota ya mbali, bibi wanamwacha duniani na redio ya upepo. Kila asubuhi anawaita. Kule juu wanamsikia vizuri, ila chombo chao cha kujibia kimeharibika. Bibi anaita, wao wanalia, CD ikakatika. Mwisho wake ulikuwa kwenye CD yenye mstari wa buluu. Nikasema nitaiona Jumapili ijayo.

Kabla ya Jumapili kufika, ilifika barua ya uhamisho. Nilitakiwa kuripoti bandari ya Kigoma, kwetu nilikozaliwa. Mwingine angechinja kuku. Mimi nilimfikiria mkwe wangu. Mke wangu ni kitinda mimba wake, ndugu zake wote wako mbali, na binti yetu wa miaka miwili ndiye mjukuu pekee ambaye yule mama anaweza kumbeba mgongoni bila kupanda basi la usiku na mchana. Nilimwomba mke wangu akamwambie.

"Uhamisho wako, mdomo wako," alinijibu.

Ningefanyaje? Mkwe si mtu wa kuropokewa. Tangu nimeoa sikuwahi kukaa naye mkeka mmoja. Nikimsalimia natazama chini, na maneno marefu yanapitia kwa mke wangu. Nikaiweka barua chini ya godoro, nikawa nasema kesho. Zikapita wiki mbili za kesho, na Jumapili zake hata hamu ya filamu sikuwa nayo.

Siku moja nimetoka kazini, naenda stoo, kiroba hakipo.

"Nilimpa dereva wa basi wiki iliyopita ampelekee mama," mke wangu alisema. "Ndege wanamaliza mpunga."

Sikuweza kupiga kelele, maana kelele ingekuwa ungamo. Nikasema kwa upole kwamba nimetafakari, na nimeona ni vyema nikamwambie mama habari ya uhamisho mwenyewe, kesho asubuhi. Mke wangu alinitazama kwa heshima kubwa. Niliona aibu kidogo, si sana.

Nilifika bondeni jua limeshapanda. Filamu zangu zilikuwa zinaning'inia juu ya mpunga, kamba kwa kamba, zinageukageuka na kumulika hadi ukingo wa mto. Mkwe wangu alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kuwingia ndege, ameshika kamba kuu. Mkwe akiwa juu ya dungu, wewe hupandi. Nikasimama chini kwenye tuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ntoto hajambo?"

"Hajambo mama."

Nikaanza kutembea kando ya kamba nikiangalia CD moja baada ya nyingine, mikono nimeikunja nyuma kama bwana shamba. Nilipofika mstari wa tatu akaniita kutoka juu.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia kamba mama, kama zimekaza."

"Ile ya nstari wa buluu iko huku kwangu."

Nilitamani mpunga unifunike. Kumbe alikuwa amezitazama zote, moja moja, kwenye deki niliyompelekea mimi mwenyewe sikukuu iliyopita. Alinieleza bila haraka. Zilikuwa hazina makaratasi, sasa angejuaje kilichomo? Pengine ni kisomo au mawaidha. Atundike maneno ya Mungu shambani yapigwe na jua? Kwa hiyo alizipitia mpaka mwisho. Mbovu zilikataa, zangu zikakubali. Na filamu ya bibi ilipomkatikia aliusaka mwisho mpaka kwenye ile ya buluu, akajua mwenyewe nitakuja kuusaka.

Basi kama nimeshaumbuka, nikaona nifaidi. Nikapaza sauti mpaka jirani wa shamba la pili akageuka.

"Yule bibi wa redio, mama. Mwisho wake alijibiwa?"

Alivuta kamba, ndege wakaruka.

"Akafa," alisema. "Redio nkononi. Na wao huko juu wakala, wakacheka. Yule ntoto akakua, bibi yake hajui hata anafananaje."

Nikakaza kamba iliyokuwa imekaza tayari.

"Barua imekuja lini?" akauliza.

"Barua gani mama?"

"Ntu hafungi safari mpaka huku kwa ajili ya kamba. Karani akija mwenyewe, ni barua ya kuhama."

Nikamwambia yote, nimesimama pale chini natazama miguu yangu. Kigoma. Mwezi wa saba. Wote watatu. Niliumia, sifichi, na sikujua ni yeye anayeniumiza au ni yule bibi wa kwenye filamu. Nikaahidi tutapiga simu kila siku, tutakuja kila mavuno. Niliahidi mambo mengi kuliko likizo zangu zote.

"Kwa basi ni siku ngapi?"

"Tatu mama. Ukipumzika njiani, nne."

"Haya." Akaning'iniza ile CD kwa kamba yake, akaishusha taratibu mpaka mkononi mwangu. "Utaitazama ukifika. Siyo kabla."

Nilitii. Hata mimi kuna marufuku ninazoziheshimu.

Jumamosi ya pili tukiwa Kigoma, mchana, mabegi mengine bado hayajafunguliwa, nikaunganisha deki na TV. Mke wangu akauliza ile CD imetoka wapi. Nikamwambia kwa mama yako, akakaa na mtoto mapajani. Jua la bondeni lilikuwa limeiunguza, filamu inakwamakwama, lakini ilifika.

Bibi hakufa. Bibi alichoka kuita. Akazima redio, akafunga mzigo wake, akagombana na walinzi wawili, akapanda chombo kilichofuata. Kule juu wanasikia mlango unagongwa, na yule jamaa mtafsiri anapiga ukelele, "Fungueni, mama mkwe kaja!"

Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mimi nilichukua simu.

"Mama, yule bibi hakufa."

"Nani kakwambia kafa?"

"Wewe mama."

"Ahaa," alisema. Nyuma yake nilisikia honi, na mtu anatangaza mayai ya kuchemsha.

"Mama, uko wapi?"

"Tabora, tumeshuka kula. Mpunga nimeshavuna, ndege hawana kazi tena." Nikamsikia anatafuna. "Nimekuja na mchele, na zile CD zako zote kiroba kizima. Mwambie nkeo atafute pa kuziweka. Kesho nani ananipokea stendi?"