Bibi wa Uradi na Pipa la Mazoezi

Keti nikueleze, msikilizaji wangu, jinsi tulivyokuwa tukichagua watu wa kuingia katika mashine ya picha za ubongo. Mashine yenyewe ilikuwa Mombasa. Sisi watafiti tulikuwa Msambweni, katika ukumbi wa kukodi, tukitafuta watu waliozoea kutulia na kutafakari. Mashine hiyo ni sumaku kubwa yenye umbo la handaki fupi. Mtu hulala chali ndani yake, nayo huonyesha damu inavyotembea kichwani. Kwa hiyo hatukumchukua mwenye chuma mwilini, wala anayeogopa mahali finyu. Na kichwa kikisogea hata kidogo, picha huharibika.

Siku moja alikuja bibi mmoja na wifi yake. Bibi huyo, tangu ujanani, kila baada ya sala ya alfajiri, huketi mkekani akileta uradi, kumtaja Mungu tena na tena, mpaka jua lichomoze.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwataka kupima imani yangu?"

"La, bibi. Imani haina kipimo. Twataka kuona ubongo unafanya nini mtu akitulia."

"Basi nichukue mimi. Huyu wifi yangu hunambia kila siku kwamba nasinzia."

"Husinzii, wakoroma," wifi alisema, akijitengeneza buibui.

"Haya. Mashine itatwambia."

Niliona jinsi alivyoitaka nafasi ile. Alikuwa ameshavua bangili na kipini cha pua bila kuambiwa. Tulikuwa na pipa refu la plastiki, tumelikata pande zote mbili ili liwe mfano wa mashine. Akaingia akalala, bila hofu yoyote, nami nikamwomba alete uradi wake kimoyomoyo. Kila alipolitaja jina la Mwenyezi Mungu, kichwa kilikwenda kulia kikarudi kushoto.

"Bibi, kichwa."

"Kimefanya nini?"

"Kinacheza."

"Mjusi kafiri huyo, kutwa kutikisa kichwa," wifi akasema, akacheka peke yake.

Akajaribu tena, na tena. Huku kwetu uradi huletwa kwa mwili mzima. Ndivyo alivyofunzwa na mamake. Sisi tulikuwa tumewauliza watu miaka yao ya kutafakari, hatukuuliza miili yao huwaje. Alipotoka pipani machozi yalikuwa yakimlengalenga. Nilianza kumweleza kwamba kukosa nafasi si aibu, kisha nikasita nikamuuliza:

"Hakuna wakati wowote unapoleta uradi bila kutikisika?"

Aliyejibu ni wifi.

"Mjukuu akimlalia mapajani. Hapo hata nzi hamfukuzi, midomo tu ndiyo inayokwenda."

Bibi akamgeukia polepole. "Kumbe wajua kwamba silali."

Wifi alitoa kikapuni mchele aliotoka kuununua, akaufunga ndani ya leso, akamwekea mwenzake tumboni alipokwisha kulala tena pipani. Bibi akaukumbatia. Safari hii kichwa kilitulia mwanzo hadi mwisho, nami nikamwambia ajitayarishe kwa safari ya Mombasa. Wifi alikuwa ameshaamua kumsindikiza.

Nawe ukipewa kazi ya kuchagua watu kama hawa, usiishie kuwauliza wametafakari kwa miaka mingapi. Walaze chali, waombe watafakari kama wafanyavyo nyumbani, kisha tazama vichwa vyao.