Shemasi Anafanya Staji

Huku Kalunguta, mama akienda shamba, mutoto anabaki kwetu. Tulikuwa bamama saba, tunachunga batoto mu hangari nyuma ya kanisa. Batu balikuwa banatuita "bale bamama banakaaka." Kukaa! Mutu mwenye anasema vile hajatoa hata siku moja mbegu ya mahindi mu pua ya mutoto wa miaka mbili.

Donc, tukaamua kufanya sendika, chama ya kutetea kazi yetu. Tulitaka mulango kwa kabine, choo ya batoto, sababu hakukuwa mulango, na bazazi bakuje kukamata batoto mapema. Mukutano wa kwanza ulianza na maombi. Mukatoliki mumoja akafanya alama ya musalaba, Muprotestanti naye akaona lazima aombe, tena murefu kupita. Nafikiri hata Mungu alichoka.

Kabla tuseme amina ya mwisho, shemasi wa kanisa akaingia na koti yake ya harusi, akakaa kwa kiti ya mbele bila kuitwa.

"Bamama, sendika ni mambo ya biro, ya makaratasi ya kupeleka muji wa Butembo. Mimi nitakuwa prezidenti. Ninyi muendelee na batoto."

Tukaangaliana. Mama mukubwa kati yetu, mwenye sauti ya kuita mbuzi ngambo ya mulima, akajibu polepole: "Ndiyo, shemasi. Lakini statuti, sheria ya sendika, inasema kila memba afanye kwanza staji, ajifunze kazi."

Statuti gani? Tulikuwaka tu na kaye moja, daftari ya shule, na batoto balishaichorachora yote.

"Asubuhi moja," akaongeza. "Batoto kumi na moja."

Shemasi akacheka. "Mimi nilizaa tisa!"

"Na nani alibachunga?" nikauliza.

Kesho yake akafika kweli. Sisi tukakaa nyuma ya ukuta, tunachambua maharagi, na kusema kweli tulifurahi vibaya. Alibapanga batoto mustari, akabafundisha wimbo. Baliimba kidogo, kisha kabinti kamoja kakataka kabine. Akamupeleka. Kabinti kakasema hakawezi kama batu banakaona. Basi shemasi akasimama pale, ameshika kitambaa ya kikwembe kwa mikono mbili, yeye mwenyewe mulango. Batoto bengine bakamufuata. Kitinda-mimba wake, mwenye tulikuwa tunachunga tangu anatambaa, akashindwa kungojea, akakojoa mu kiatu ya baba yake.

"Bamama! Kujeni!"

"Staji haijaisha, prezidenti!"

Sikucheka hivyo tangu harusi yangu. Lakini hakukimbia, nilimuheshimu kwa ile. Saa ya kurudisha batoto, mama wa kuchelewa kupita bote alikuwa bibi ya shemasi mwenyewe.

"Saa hii ndiyo unakuja?" shemasi akamulalamikia, koti begani, sauti imekauka.

"Na wewe unafanya nini huku?" bibi akauliza.



Siku ya Mungu shemasi alisimama kanisani, akagombeza bazazi benye banachelewa mpaka bengine bakainamisha kichwa. Kisha juma ile akaleta mulango, ulitoka kwa banda ya mbuzi, ulikuwa unanuka, tukauosha. Prezidenti tukachagua ule mama wa sauti. Shemasi akaomba angalau cheo kidogo. Tukamupa ya konseye, mushauri, yenye haina kazi. Mimi nilipiga kura ya hapana hata kwa ile cheo, na sijutii.